Malisho yanapogeuka kichaka



Katika mikutano ya wafugaji na wakulima swali huwa ni lile lile: nani amechukua malisho? Mfugaji humnyoshea kidole mkulima aliyesogeza shamba lake. Mkulima naye huonyesha mahindi yaliyoliwa na ng'ombe. Chefu anauliza mpaka wa zamani ulipita wapi, wazee wanataja jiwe au kijito, na siku inakwisha kabla ya mapatano. Mara nyingi kweli kuna aliyesogeza mpaka. Lakini ziko sehemu za Afrika ambako malisho yamepungua bila mtu yeyote kuyachukua, na majirani wakagombania kilichobaki huku kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye mwizi. Malisho yale yalichukuliwa na miti.

Tunajua kwamba maneno haya yatawashangaza wengi. Sote tumefundishwa kwamba mti ni baraka: unashika udongo, unaleta kivuli, unatupa kuni na dawa. Shuleni watoto hupanda miti, na wageni wakija hupewa mche wa kupanda. Hatuna nia ya kupinga hayo. Ila nyanda za nyasi nazo ni uumbaji kamili, zina wanyama wake na ndege wake na watu wake, na mti unaoingia humo bila kizuizi unaweza kuziharibu kama vile shoka linavyoharibu msitu. Katika toleo hili tunapenda kueleza jinsi jambo hilo linavyotokea, linafanya nini kwa ardhi, na kwa nini watu wa amani wanapaswa kulielewa.

Mti ulioletwa kwa nia njema

Twende kwanza Kenya, kaskazini ya Nakuru, katika tambarare iliyo kati ya Ziwa Baringo na Ziwa Bogoria. Mji wa hapo ni Marigat. Wenyeji wa tambarare hiyo ni Wailchamus, ndugu wa Wamaasai kwa lugha, wanaofuga ng'ombe na mbuzi, wanaovua samaki ziwani na kulima kwa kumwagilia maji ya mito. Majirani zao ni Watugen na Wapokot.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ardhi ya Baringo ilikuwa imechoka. Ukame ulikuwa umepita, mifugo ilikuwa mingi kuliko nyasi, udongo ulikuwa wazi na upepo ulibeba vumbi. Kuni zilitafutwa mbali. Serikali ya Kenya, ikisaidiwa na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ilianzisha mradi wa kupanda miti ya kuni. Kati ya miti iliyochaguliwa mmoja ulitoka Amerika ya Kati na ya Kusini. Wataalamu wanauita Prosopis juliflora. Watu wa Kenya wanauita mathenge.

Tusiwacheke waliouchagua. Mathenge hukua haraka mahali ambapo miti mingine hufa. Haukauki majani wakati wa kiangazi, huvumilia udongo wenye chumvi, na kuni zake huwaka vizuri. Maganda yake ni matamu na mifugo huyapenda. Kwa mtu aliyetazama uwanja mtupu wa vumbi, mti huo ulikuwa jibu la maombi, na kwa miaka michache ya kwanza wenyeji waliufurahia.

Shida ilijificha ndani ya yale maganda matamu. Ng'ombe au mbuzi akila ganda, mbegu haisagwi yote. Nyingi hupita tumboni zikiwa nzima, na maji ya tumbo hulainisha gamba lake gumu ili iote upesi zaidi. Kisha mbegu huangushwa pamoja na mavi, yaani inapandwa ikiwa na mbolea yake, mbali na mti mama. Mchungaji anayeongoza kundi lake kutoka mtoni mpaka malishoni anakuwa mpanda miti pasipo kujua. Mvua kubwa ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998 ilisaidia pia, kwa maana mafuriko yalibeba mbegu na kuzitawanya tambarare nzima. Baada ya hapo watu wakaanza kuona kwamba vichaka vinafunga njia.

Watafiti walilinganisha picha za setilaiti za Baringo za miaka mbalimbali na kutangaza matokeo mwaka 2019. Mwaka 1988 mathenge ilifunika hekta 882. Mwaka 2016 ilifunika hekta 18,792. Katika muda huo huo eneo la nyasi lilipungua kwa asilimia 86, mashamba ya kumwagilia kwa asilimia 57, na hata migunga ya asili ilirudi nyuma kwa asilimia 42. Msomaji aone kwamba mti huu haukula malisho peke yake. Ulikula pia shamba la mkulima, na miti mingine.

Nyasi na mti vinavyogombana

Mathenge ni mgeni, lakini miti ya asili nayo hufanya hivyo. Huko Namibia na Afrika Kusini, mamilioni ya hekta za malisho yamefungwa na miiba iliyokuwako tangu zamani. Kwa hiyo inafaa tuelewe ugomvi wenyewe kati ya nyasi na mti, maana ugomvi huo uko pia katika nchi yetu.

Nyasi ina mizizi mingi na mifupi. Mvua ikinyesha, nyasi hunywa kwanza, maji yakiwa bado juu. Mti una mizizi mirefu na hunywa yaliyobaki chini. (Ukoo wa mathenge umepita kiasi: huko Arizona, Marekani, mizizi yake ilikutwa ndani ya mgodi kwenye kina cha zaidi ya mita 50.) Nyasi zikiwa nene, mche mdogo wa mti unakosa maji na mwanga, na wengi hufa. Mahali penye mvua kidogo, ukame wenyewe huzuia miti isijae. Lakini uchunguzi wa mwaka 2005 uliokusanya habari za mamia ya sehemu za Afrika ulionyesha kwamba mvua ikizidi milimita 650 hivi kwa mwaka, maji yanatosha kwa miti kufunga ardhi yote. Hapo nyasi haziwezi kujilinda zenyewe. Zinahitaji wasaidizi wawili, ambao ni moto na wanyama.

Moto wa kiangazi huteketeza majani makavu, na pamoja nayo miche ya miti iliyo chini ya urefu wa mtu. Mti huchipuka tena chini, mwaka unaofuata unaungua tena, na hivyo unabaki mfupi kwa miaka mingi. Nyasi hazidhuriki sana, kwa kuwa sehemu yake ya kukua iko karibu na ardhi au ndani yake. Ila mti ukipata miaka michache bila moto, kichwa chake kinapita juu ya ndimi za moto, na tangu hapo moto wa nyasi hauwezi kuuua tena.

Basi fikirini kinachotokea ng'ombe wakizidi. Nyasi zinaliwa mpaka shinani. Hakuna majani makavu yanayobaki, kwa hiyo hakuna cha kuwaka. Mfugaji anadhani amepata salama kwa kuwa moto umekwisha. Kumbe miche yote ya miti, ambayo ng'ombe hali, imepata nafasi: nyasi iliyokuwa inainyang'anya maji haipo, na moto uliokuwa unaikata haupo. Baada ya miaka kumi au kumi na tano, uwanja ni kichaka. Kisha kundi lile lile la ng'ombe linabanwa katika nyasi chache zilizobaki, linazila hadi chini, na kichaka kinasogea tena. Shida inajizaa yenyewe.

Serengeti inatufundisha jambo hili kutoka upande mwingine. Sotoka, tauni ya ng'ombe iliyoingia Afrika mwishoni mwa karne ya 19, iliua ng'ombe wa wafugaji na pia nyumbu na nyati wa porini. Chanjo ya ng'ombe ilipoiondoa sotoka katika eneo la Serengeti, miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka kutoka robo milioni hivi hadi zaidi ya milioni moja. Walikula nyasi nyingi kiasi kwamba moto ulipungua, na miti ikaanza kurudi. Sindano iliyochomwa kwenye shingo ya ng'ombe ikabadilisha sura ya mbuga ya wanyama! Wakati wa sotoka yenyewe, sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati zilizopoteza mifugo na watu ziliota vichaka, mbung'o wakaingia humo, na mbung'o hueneza ugonjwa wa malale. Watu waliotaka kurudi walikuta nchi yao haikaliki.

Liko pia jambo ambalo hakuna chefu wala mkutano wa kijiji unaoweza kulizuia. Hewa ya ukaa angani imeongezeka kutoka sehemu 280 hivi katika kila milioni, kabla ya viwanda, hadi zaidi ya 420 leo. Hewa hiyo ni chakula cha mimea, na miti inafaidika nayo kuliko nyasi nyingi za joto: inachipuka kwa nguvu zaidi baada ya moto na inatumia maji kwa uchache zaidi. Ndiyo maana vichaka vinasogea hata ndani ya hifadhi ambazo hazina ng'ombe. Mfugaji wa Afrika asibebeshwe lawama yote.

Ardhi inapata nini, inapoteza nini

Wengine huuliza: kama miti imeongezeka, si mvua, udongo na hewa vimepata faida? Jibu ni kwamba inategemea mahali. Tukiangalia juu ya ardhi, ni kweli kichaka kina kaboni nyingi kuliko nyasi. Lakini utajiri wa nyasi uko chini, katika mizizi na udongo mweusi. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba katika sehemu zenye mvua zaidi, miti ilipoingia malishoni udongo ulipoteza kaboni, kiasi cha kufuta sehemu kubwa ya faida iliyoonekana juu. Na huko Baringo, uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba ardhi iliyochakaa ikirudishiwa nyasi za asili, kaboni hurudi udongoni mwaka baada ya mwaka. Nyasi hizo tena zinalisha ng'ombe, jambo ambalo mathenge haifanyi.

Maji nayo yana hesabu yake. Mti usiokauka majani mwaka mzima unakunywa mwaka mzima. Chini ya kichaka kinene cha mathenge nyasi huwa chache au hazipo, na ardhi kati ya shina na shina huwa wazi. Mvua ikinyesha kwa nguvu, maji hayapati majani ya kuyapunguza mwendo. Yanateleza na udongo wa juu.

Wanyama wa uwandani hawajui kuishi kichakani. Nyamera, korongo na ndege wengi wanaotaga chini huhitaji kuona mbali; wakifungiwa na miti wanahama au wanakwisha. Wanaobaki ni wa namna nyingine. Idadi ya wanyama msituni inaweza hata kuwa kubwa, lakini si wale wa mahali pale.

Kuhusu mifugo, watu wa Baringo wana neno lao. Maganda ya mathenge yana sukari nyingi. Mbuzi asiye na kitu kingine akila maganda hayo siku zote, meno yake huoza na kung'oka, na mbuzi bila meno hafi kwa ugonjwa, anakufa kwa njaa mbele ya chakula. Miiba nayo huchoma kwato na miguu ya watu, na kidonda chake huchelewa kupona.

Hata malaria imo. Huko Mali, watafiti walikata matawi yenye maua ya mti huu katika baadhi ya vijiji na kuviacha vingine, kisha wakahesabu mbu. Taarifa yao ya mwaka 2017 ilisema kwamba pale maua yalipoondolewa, mbu walipungua kwa karibu asilimia 70, kwa sababu mbu hunyonya utamu wa maua kabla ya kutafuta damu. Kijiji kinachozungukwa na mathenge kinafuga mbu wake.

Mbuzi mahakamani

Mwaka 2006 Wailchamus walikwenda Nairobi, katika Mahakama Kuu, wakishitaki serikali kwa kuwaletea mti huo. Walichukua ushahidi wao pamoja nao: mbuzi aliyepoteza meno. Magazeti yalicheka, lakini nchi nzima ilisikia. Mwaka 2008 Kenya ilitangaza mathenge kuwa gugu hatari kwa mujibu wa sheria.

Sisi tunaona kwamba tendo lile lilikuwa tendo la amani, na tunataka wasomaji walipime. Jamii iliyopoteza malisho ingeweza kumgeukia jirani. Na Baringo, tuseme wazi, watu wamegeukiana kwa silaha mara nyingi. Wizi wa mifugo umeua na kuhamisha watu kwa miaka. Mwaka 2017 wakazi wa Mukutani walikimbia makwao baada ya mashambulio, na Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi Baringo na sehemu nyingine za kaskazini ya Bonde la Ufa. Hatusemi kwamba mti ndio ulioleta vita hivyo. Vina mizizi katika mipaka, siasa, bunduki na ukame. Lakini mtu akipoteza sehemu kubwa ya nyasi zake atapeleka ng'ombe mbali zaidi, mapema zaidi katika kiangazi, na kule mbali kuna mwenyewe. Tena kichaka kinene kinamficha mwizi na nyayo za ng'ombe walioibwa. Kwa miaka ya karibuni Ziwa Baringo nalo limepanda na kumeza ardhi ya kando yake, kwa hiyo Mwilchamus anasukumwa na maji upande mmoja na miiba upande mwingine.

Baada ya sheria kukaja swali gumu: mti unaondolewaje? Ukikata mathenge juu ya ardhi, kisiki huchipuka mashina mengi, na kichaka kinakuwa kibaya kuliko kwanza. Ni lazima kuchimba na kukata chini ya udongo, chini ya mahali machipukizi yanapotokea, kazi ya jasho jingi kwa kila mti. Kisha mbegu zilizolala ardhini huota kwa miaka kadhaa, na aliyesafisha shamba mara moja tu ametupa nguvu zake.

Wengi wakasema: basi tuutumie mpaka uishe. Vikundi vya wachoma makaa viliandikishwa, na makaa ya mathenge (sisi huku Goma tungesema makala ya mathenge) yalipelekwa mijini. Familia nyingi zilipata ada ya shule kutokana na kazi hiyo, na hatuidharau. Lakini mchoma makaa huchagua mashina manene na kuacha kisiki, maana kisiki ni makaa ya kesho. Mwenye kipato kutoka kwa mti hatamani uishe. Hapo tena ugomvi mpya unazaliwa, safari hii ndani ya kijiji kimoja, kati ya mwenye ng'ombe anayetaka mti utoke na kijana asiye na ng'ombe ambaye mti ni mshahara wake. Mpatanishi anayefika Baringo akidhani ataamua kati ya kabila na kabila atakuta kwamba kesi ya siku hiyo ni kati ya baba na mtoto.

Palipofanikiwa zaidi ni pale watu walipong'oa miti, wakazuia mifugo kwa misimu michache, wakapanda mbegu za nyasi za asili. Nyasi hizo hukatwa, hufungwa na kuuzwa wakati wa kiangazi; mbegu nazo huuzwa. Ardhi iliyokuwa ya vita inapata mwenyewe na ratiba. Haya hayakutokea kila mahali, wala hayatoshi kushinda mti unaosogea kwa mamia ya hekta kila mwaka.

Na kwetu?

Tukirudi upande wetu wa mpaka, mfano ulio karibu ni uwanda wa Rwindi na Rutshuru, kusini ya Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Uwanda ule ulilishwa na wanyama wakubwa. Katika miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko karibu 29,000, na kila kiboko hula makumi ya kilo za nyasi kwa usiku mmoja. Tembo walikuwa maelfu. Vita na ujangili wa miaka ya 1990 na 2000 viliwamaliza: kufikia mwaka 2005 viboko walikuwa chini ya 1,000, na tembo walibaki mia chache. Katika sehemu kubwa ya uwanda miti na vichaka vikapata nafasi, kwa sababu wale waliovivunja hawakuwapo.

Kisha mwaka 2020 kundi la tembo wapatao 580 lilivuka kutoka Hifadhi ya Queen Elizabeth ya Uganda na kuingia Virunga. Walinzi wa hifadhi walieleza kwamba tembo hao waliangusha miti na kukanyaga vichaka, nyasi zikarudi, na nyuma ya nyasi wakarudi nyati, swala wa Uganda na ngiri. Kazi ambayo mtu wa Baringo anaifanya kwa jembe na jasho, tembo aliifanya kwa kutafuta chakula. Bila shaka tembo huyo huyo akitoka hifadhini anakula mihogo ya mtu, na wakulima wanaopakana na hifadhi hawahitaji gazeti kuwaambia hilo.

Hapa inabidi tuwe waangalifu, kwa sababu si kila jani la nyasi lina haki moja. Malisho mengi ya Masisi yalikuwa msitu wa milimani uliokatwa ili kufanya mashamba ya ng'ombe. Miti ikirudi kule, ni mwenyeji anayerudi nyumbani. Uwanda wa Rwindi ni wa nyasi tangu zamani. Mtu akitumia hadithi ya Baringo kukataa mti wowote uliopandwa Masisi, ametuelewa vibaya. Vilevile tunahitaji miti ya makala. Tangu mwaka 2007 mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF umesaidia wakulima wanaozunguka Virunga kupanda miti yao wenyewe ili msitu wa hifadhi upone. Kazi hiyo tunaiunga mkono, maana miti ile iko katika shamba la mtu anayejulikana, na inavunwa.

Kinachotutia wasiwasi ni ahadi kubwa zinazotolewa mbali na kijiji. Mwaka 2015 nchi za Afrika zilianza mpango wa AFR100 wa kurejesha hekta milioni 100 za ardhi iliyoharibika kufikia 2030, na Kongo iliahidi hekta milioni 8. Kurejesha ni neno zuri. Lakini mwaka 2024 watafiti waliandika katika jarida la Science kwamba sehemu kubwa ya mipango ya kupanda miti barani Afrika imelenga nyanda za nyasi, eneo ambalo kwa hesabu yao linakaribia ukubwa wa Ufaransa. Katika ramani ya ofisini uwanda wa malisho huonekana kama ardhi tupu. Mwenye ng'ombe hayumo katika ramani hiyo, na atagundua siku atakapokuta uzio.

Maswali ya kuchukua mkutanoni

Kwa hiyo wenzetu wanaoongoza mazungumzo ya ardhi tunawaomba waongeze maswali machache kabla ya kuuliza nani alimwonea nani. Miaka thelathini iliyopita, mtu akisimama hapa aliona mpaka wapi? Mti huu unaojaa una jina gani, na mbibi huyu aliuona akiwa msichana? Mara ya mwisho uwanda uliungua lini, na nani alikataza? Wanawake wanaotafuta kuni na watoto wanaochunga mbuzi hujua majibu haya kuliko wenye viti vya mbele, na wakijibu, hasira ya kikao hupungua kidogo kwa kuwa pande zote zinatazama kitu kimoja kilicho nje yao.

Yako pia mambo ya mkono. Mche wa msimu wa kwanza hung'oka kwa vidole ardhi ikiwa imelowa, lakini wa mwaka wa tatu unataka jembe na wa mwaka wa kumi unataka kijiji kizima. Mahali penye miti ya asili, mbuzi wakichanganywa na ng'ombe husaidia, kwa kuwa mbuzi hula machipukizi ya vichaka vingi. Kwa mathenge hawasaidii, wanaepuka majani na kubeba mbegu. Mifugo iliyokula maganda ya mti mvamizi ifungwe zizini siku chache kabla ya kupelekwa malisho mapya, ili mbegu zianguke mahali zinapoonekana. Moto ni kazi ya mapatano: ukiwashwa mapema, nyasi zikiwa bado mbichi, haudhuru miti sana, ukiwashwa mwishoni mwa kiangazi unaua miche, lakini unaweza pia kuruka na kuingia katika shamba la jirani. Tarehe ya kuwasha, watu wa kulinda na njia ya kukatia moto viandikwe katika karatasi ile ile ya mapatano ya malisho, na nakala moja ibaki kwa mwenye shamba la karibu.